Kuulizwa Mara Tatu

Ujumbe ulioingia saa mbili na robo asubuhi haukuwa na salamu, na hilo peke yake lilimfanya Hidaya Semkiwa aweke kikombe chini. Watu wa milimani hawaandiki bila salamu. Hata anayekuja kukugombeza hukuamkia kwanza.

"Mimi ni Zaituni wa Kwembago," ujumbe ulisema. "Mama mkwe wangu, Bi Mwantumu Kaniki, amemmwagia mwanangu uji wa moto. Mkono umeungua kuanzia kiwiko mpaka vidole. Anasema kikombe alikiona mahali ambapo hakikuwapo. Njooni mchukue macho yenu."

Hidaya aliusoma mara mbili. Chai yake ilikuwa ya asali, kutoka kwenye chupa iliyoletwa ofisini mwezi uliopita, imefungwa kwenye kipande cha kanga, bila jina la mtumaji. Wateja wa Kurunzi walikuwa na mazoea hayo. Walileta ndizi, magimbi, mwaka juzi jogoo mzima aliyekimbia juu ya meza na kuangusha kompyuta. Hidaya alishazoea kula bila kuuliza kimetoka wapi.

Wapita njia wa Korogwe waliokiona kibao cha Kurunzi juu ya duka la vipuri walidhani pale wanauza tochi. Kumbe waliokuwemo mle walikuwa watu wawili tu, Hidaya na binamu yake Shekiondo, na kazi yao ilikuwa kuyaweka hai macho ya watu. Miaka ishirini nyuma kampuni moja ya ng'ambo ilipanda milimani na macho ya kupandikiza, ikawapa vipofu bure, ikapiga picha nyingi, kisha ikafilisika. Macho yale yalikuwa na kufuli ndani yake. Kila siku arobaini lazima yapate ruhusa kutoka kwa mwenyewe, yaani kampuni ile, yasipoipata yanazimika. Mwenyewe akawa hayupo. Mama yake Hidaya, Mungu amrehemu, alirudi gizani miezi saba, mpaka binti yake alipolivunja kufuli lile kwa programu aliyoiandika jikoni. Tangu hapo seva ya Hidaya ndiyo iliyotoa ruhusa, kwa watu elfu tatu mia nne na kumi na wawili, na hapakuwa na mwingine wa kuwatolea.

"Nisomee habari za Bi Mwantumu Kaniki," Hidaya alisema.

"Bi Mwantumu Kaniki wa Kwembago," ilijibu sauti kutoka mezani. "Amepiga simu mara tisa katika wiki tano. Mara zote tisa ametosheka."

Sauti ile ilikuwa ya Hidaya mwenyewe. Kwa miaka minane alizipokea simu za wateja peke yake, asubuhi mpaka magharibi, akipoza, akielekeza, akisikiliza habari za mbuzi waliopotea, hadi siku moja alipoiona simu inawaka akalia. Akaunda Msikivu. Alimlisha simu zote za miaka minane, naye Msikivu akajifunza kuongea kama yeye, kusema pole kama yeye, hata kukohoa kama yeye, kwa sababu mwaka mmojawapo Hidaya aliugua kifua na hakujisumbua kukitoa kikohozi kile kwenye rekodi. Wateja walikipenda. Walijua wanaongea na mtu. Hakuna aliyeambiwa vingine, na kama alivyopenda kusema Shekiondo, hakuna aliyeuliza.

Hidaya alipitia kumbukumbu. Kabla ya wiki hizo tano, bibi huyo alikuwa amepiga simu mara nne tu katika miaka yote. Mtu wa mara nne kapiga mara tisa, na kampuni nzima ilikuwa inakunywa chai.

"Nisikilizishe ya mwisho."

"Shikamoo mama," alisema Msikivu ndani ya rekodi, akakohoa kidogo.

"Marahaba mwanangu Hidaya. Za huko Korogwe?"

"Njema, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Namshukuru Mungu."

"Nafurahi kusikia hivyo. Asante kwa kutupigia, mama. Siku njema."

Kisha pakawa kimya. Bi Mwantumu alikuwa bado yupo, pumzi yake inasikika, na kwa mbali mtoto anaimba. Alikuwa anangoja. Alingoja kwa muda ambao mtu angeweza kumenya ndizi. "Haya mwanangu," alisema mwisho. "Na wewe." Simu ikakatika, na Msikivu akaandika: ametosheka.

Hidaya aliona aibu inampanda kutoka miguuni. Maana yeye alizaliwa huko huko milimani, na alijua. Kule mtu mzima hamwagi shida yake mlangoni kama maji ya vyombo. Ukimwuliza hali mara ya kwanza anajibu kwa adabu. Ukimwuliza ya pili anajibu kwa kukuonea huruma, asikutie simanzi. Ya tatu, ukimwambia "kweli kabisa, mama?", hapo ndipo anapovuta pumzi na kusema, "Aa, mwanangu, si hivi tu." Hidaya alilelewa hivyo. Kwa miaka minane aliuliza hivyo hivyo, mara tatu, na Msikivu alipozaliwa alikuwa anauliza mara tatu kama alivyofunzwa.

Aliyemkata ulimi ni Hidaya. Miaka miwili nyuma simu zilijaa, wateja wakawa wanasubiri nusu saa, Shekiondo akalalamika mpaka akakauka koo. Hidaya akapima. Akaona katika kila simu ya dakika saba, salamu zinakula dakika nne. Akampa Msikivu amri mpya: salimia mara moja, uliza hali mara moja, mteja akisema ni mzima mshukuru na ufunge. Foleni ikaisha ndani ya wiki. Shekiondo alinunua keki, na Hidaya aliikata mwenyewe akicheka, akijiona mjanja wa mji.

* * *

Kosa lenyewe alilipata kabla ya saa nne. Toleo jipya la programu, lile alilolituma wiki tano zilizopita ili watu waone vizuri zaidi wakati wa giza, lilikuwa zito mno kwa macho ya aina ya kwanza kabisa. Macho hayo ya kizee yaliliona kila jambo, lakini yaliliona likichelewa, kwa muda wa kusema bismillahi. Mlango unafungwa, wewe unauona wazi. Mtoto amesogeza mkono, wewe unauona ulipokuwa.

Macho ya aina hiyo yalibaki kwa watu saba. Hidaya aliwapigia wale sita wengine kwa mdomo wake, akawauliza mara tatu kila mmoja. Wawili walikuwa wazima kweli. Wanne walifunguka katika ulizo la tatu, na kila mmoja alikuwa na lake. Mzee mmoja wa Mazinde alishaanguka mtaroni mara mbili, akamwambia mkewe ni uzee. Mama mwingine alikuwa ameacha kwenda sokoni. Wote wanne walikuwa wamepiga simu Kurunzi, na wote waliandikwa ametosheka.

"Dawa yake?" aliuliza Shekiondo, ambaye alikuwa ameingia, akausoma ujumbe wa Zaituni, na kukaa bila kuvua kofia.

"Kuwarudishia toleo la zamani. Toleo jipya hupita mtandaoni, ila kurudi nyuma kwa macho ya aina hii lazima niguse kwa mkono. Robo saa kwa mtu."

"Robo saa," alisema Shekiondo.

"Robo saa, kaka. Mara tisa alipiga."

Shekiondo alitazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri lisemwe, kwa sababu maneno aliyoyasema baadaye yangeweza kumfanya aonekane hivyo. "Nenda sasa hivi," alisema. "Rekebisha. Wape pole, mpelekee mtoto dawa nzuri, mimi nitakwenda kwa wale wanne. Ila dada, hili la Msikivu usilitamke."

"Bibi wa watu anaonekana kichaa nyumbani kwake."

"Sema macho yaliharibika. Ni kweli. Sema tumeyatengeneza. Ni kweli pia. Kwa nini useme la tatu?" Aliinamia meza. "Wakala wa Vifaa vya Mwili, wale wa serikali, wanatutafutia sababu ya kutufunga tangu mwaka jana. Wakisikia tuliweka mashine kupokea simu za wagonjwa, kwa sauti ya mtu, bila kuwaambia, kesho wanazima seva. Ukihesabu siku arobaini kutoka kesho, watu elfu tatu na zaidi wanapapasa kuta. Kwa nini? Kwa sababu wewe moyo ulikuuma?"

Hidaya alijua kila neno lilikuwa sawa, na alichukia kwamba lilikuwa sawa. Alichukua mkoba wa vifaa, akachukua na dawa ya kuungua kutoka duka la chini, akatoka.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," alisema mlangoni.

"Huyo mwenye maradhi amejificha mwenyewe," alijibu Shekiondo. "Angesema tangu simu ya kwanza, tusingekuwa hapa."

Maneno hayo Hidaya alipanda nayo mlima mzima.

* * *

Zaituni alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa chekechea, na alimpokea uani akiwa amefunga mikono. Alijibu salamu kwa sababu hakulelewa vibaya. Dawa aliipokea kwa ncha za vidole.

"Salha mwanangu yuko kwa dada yangu," alisema. "Nimemtoa hapa. Siwezi kulala nyumba moja na mtu anayemwaga uji mkononi mwa mtoto na kusema kikombe kimehama."

"Macho ndiyo yaliyokosea, yanaona vitu kwa kuchelewa tangu wiki tano zilizopita. Makosa hayakuwa yake."

"Macho ni mashine, inaharibika. Mimi nina hasira na mdomo." Zaituni aligeuka aangalie chumba cha nyuma. "Wiki tano, dada. Wiki tano anaona vitu vimechelewa, na kila asubuhi anampikia mtoto wangu uji. Nikimwuliza, 'mama, macho vipi?' anasema mazuri. Mume wangu amesema arudishwe kwa ndugu zake kijijini Mtae. Jumamosi anaondoka."

Bi Mwantumu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Kando yake palikuwa na ukili wa mkeka ulioachwa katikati, umeanza kukauka. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, wa miaka sabini na kitu, amejifunga kanga mbili safi kama mtu anayesubiri kusafiri. Hidaya alipoingia, bibi alikuwa anautazama mlango, na aliendelea kuutazama mlango hata baada ya Hidaya kuchutama mbele yake. Kisha uso ukashuka, ukamkuta.

"Shikamoo mama. Mimi Hidaya wa Kurunzi."

"Marahaba." Mkono wa bibi ulipapasa hewani, ukakosa, ukalipata bega. "Hidaya mwanangu! Umekuja mwenyewe. Umepanda mlima na kifua hicho?"

Hidaya alifungua mkoba, akabandika kidude kidogo kwenye paji la uso la mama yule, akaanza kazi. Bi Mwantumu alitulia kama mtoto anayesukwa.

"Asali ilifika?" aliuliza.

"Asali?"

"Niliifunga kwenye kanga. Simu ya tatu ile, au ya nne, nilikusikia unakohoa vibaya, nikasema huyu binti anafanya kazi mno. Nimekuombea dua kila alfajiri. Naona umepona, leo hukohoi."

"Ilifika, mama," alisema Hidaya.

Kidude kilichukua dakika kumi na nne. Kilipolia, Bi Mwantumu alipepesa, akainua kiganja chake mbele ya uso, akakizungusha. Mkono ulikwenda, na macho yalikwenda nao. Alitabasamu, kisha tabasamu likavunjika.

"Zaituni," aliita. "Njoo usikie, mwanangu. Usimlaumu huyu wala kampuni yake. Huyu aliniuliza. Nimempigia mara tisa, na mara zote ameniuliza hali, kwa heshima, kama binti yangu wa kumzaa. Mimi ndiye niliyesema mzima. Mdomo wangu ndio uliomwunguza mjukuu wangu." Alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa naona haya. Nilisema aulize kidogo tena, nitamwambia. Simu ikawa inakatika, nikasema labda ana wageni. Basi. Jumamosi nakwenda Mtae."

Zaituni alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama Hidaya bila ukali. Ilikuwa nusu ya msamaha. Alikuwa tayari kumwomba radhi mgeni kwa kumfokea uani.

Pale Hidaya angeweza kunyamaza. Elfu tatu mia nne na kumi na wawili walimwomba anyamaze, na mama yake kaburini labda naye alimwomba. Aliwaza mzee wa Mazinde. Aliwaza keki. Kisha akamwona Bi Mwantumu amekunja mikono tena mapajani, amepokea hukumu ambayo si yake kwa adabu ile ile, na akaona kwamba akinyamaza, bibi huyu ataibeba Mtae, ataibeba mpaka kaburini, na ataendelea kumwombea dua ya kifua.

"Mama, sikukuuliza mimi."

"Mwanangu?"

"Ile haikuwa sauti yangu. Ni mashine. Niliifundisha kuongea kama mimi ili nipumzike. Mara zote tisa ulikuwa unaongea na mashine. Na mashine ile mwanzo ilikuwa inauliza mara tatu, kama inavyotakiwa. Nikaikataza mimi. Niliiambia iulize mara moja na kufunga simu, kwa sababu simu zilikuwa nyingi. Nilijua mtu wa huku hasemi mara ya kwanza. Nilijua, mama, na nikafanya." Aligeuka kwa Zaituni. "Hakuficha. Alingoja. Nimesikia kwa masikio yangu anavyongoja."

Nje kuku alikuwa anaparura.

"Wangapi?" aliuliza Zaituni.

"Wote. Elfu tatu na zaidi wanaongea nayo."

"Nitawaandikia Wakala. Leo hii."

"Andika," alisema Hidaya. Alifikiria kumweleza habari ya siku arobaini, akaona ingekuwa ni kumtisha, na madhara alikuwa ameshaifanyia nyumba hii ya kutosha. "Uandike na jina langu. Hidaya Semkiwa."

Zaituni alikuja akapiga magoti kando ya kigoda, akaushika mguu wa mama mkwe wake. "Mama, nisamehe. Mtae hutakwenda. Nitamwambia baba Salha leo."

"Hukukosea," alisema Bi Mwantumu, lakini hakuwa anamtazama mkwewe. Alikuwa anamtazama Hidaya kwa macho yake mapya ya zamani, yaliyomwona sasa hivi alipo. "Kile kikohozi kilikuwa cha nani?"

"Changu. Cha miaka sita iliyopita."

"Na simu ya sita? Kabla hujaniuliza hali, nilikueleza habari za marehemu mume wangu. Ukaniambia pole sana, mama, nimekuelewa."

Hidaya aliinamisha kichwa.

"Sikuwa nimemwambia mtu mwingine habari zile," alisema bibi. "Hata Zaituni sikumwambia." Alichukua ukili uliokauka, akaujaribu kwa kidole, ukakatika. Akauweka chini polepole. Halafu, kwa sababu Hidaya alikuwa bado amechutama pale kama mtu asiyejua njia ya kutoka, alisema kwa upole wa mwenye nyumba, "Haya. Asante kwa kuja."

Hidaya alikusanya vifaa. Alisimama, akafika mlangoni, akarudi. Alichutama upya, karibu zaidi, akaushika mkono wa Bi Mwantumu kwa mikono yake miwili kama alivyofundishwa utotoni.

"Hujambo, mama?"

Bi Mwantumu alimtazama. Alielewa kinachofanyika. "Sijambo," alisema.

"Na nyumbani kwema?"

"Kwema."

Hidaya alivuta pumzi. Zaituni, aliyekuwa bado amepiga magoti, aliinua uso. Nje kuku alinyamaza.

"Kweli kabisa, mama?"

Mkono ndani ya mikono yake ulikuwa mwepesi na mkavu. Bi Mwantumu alivuta pumzi kwa ndani, pumzi ile ile aliyoisikia Hidaya kwenye rekodi, na midomo yake ikafunguka. Kisha aliutoa mkono wake taratibu, akaurudisha mapajani.

"Kweli kabisa, mgeni," alisema. "Nenda salama."